Wingu la Nkungwe na picha zilizotoka rangi ya majivu

Swali: "Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tabora. Mwishoni mwa Oktoba tulipanda treni hadi Kigoma, tukachukua boti hadi Mahale, kisha tukapanda mlima Nkungwe pamoja na mwongozaji na askari wa hifadhi. Tulifika kileleni saa nane mchana. Wingu lilikuwa linamwagika upande wa pili wa mgongo wa mlima, likifika katikati linapotea, na tulisimama tukilitazama bila kusema neno. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili kwa simu. Nyumbani nikakuta nyingine ni nyeupe kama karatasi na nyingine ni za kijivu kama majivu, na hakuna hata moja inayofanana na tulichokiona. Je, kosa ni la simu, ni langu, au ni la saa tuliyofika? Na je, ninunue kamera kubwa kabla ya kurudi?"

Marahaba, Mwalimu. Nimezitazama kwa makini zile picha sita ulizonitumia, na jibu langu fupi ni kwamba kosa la kwanza ni la saa, la pili ni la kuiachia simu iamue yenyewe kiasi cha mwanga, na simu haina hatia. Nitaanza na saa, kwa kuwa mtu asiyejua wingu linatungwaje atalikuta kila mara likiwa limekwisha kumfunika.

Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Nkungwe kiko mita 2,462. Kwa hiyo mlima unasimama karibu mita 1,690 juu ya maji, tena ukiwa jirani kabisa na ufuko. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa ya juu ya ardhi huinuka, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Hewa hiyo ikifika Mahale inakuta ukuta. Haina njia nyingine ila kupanda, na kadiri inavyopanda inatanuka na kupoa, takriban nyuzi joto 10 kwa kila kilomita moja, mpaka ifike mahali ambapo haiwezi tena kuubeba unyevu wake wote. Hapo matone madogo mno huanza kujitunga, na wewe uliye chini ufukweni unasema wingu limekaa juu ya mlima. Ukweli ni kwamba halikuja kukaa. Linatengenezwa palepale, dakika kwa dakika.

Urefu wa mahali hapo unaweza kuukadiria mwenyewe kabla hujaanza kupanda, na kwa kuwa unafundisha jiografia nadhani wanafunzi wako wataifurahia kazi hii. Chukua kikombe cha bati kilichokauka vizuri kwa nje, tia maji ya kawaida hadi nusu, kisha tumbukiza kipimajoto. Ongeza vipande vidogo vya barafu, kimoja kimoja, huku ukikoroga polepole bila kukipumulia kikombe. Utaona bati linang'aa, linang'aa, halafu ghafla linafifia kana kwamba mtu amelipulizia pumzi. Pitisha kidole na kitaacha mstari. Soma kipimajoto wakati huohuo. Hicho ndicho kiwango cha umande cha hewa ya siku hiyo, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake huanza kugeuka matone. Sasa toa nyuzi hizo kwenye joto la hewa ya kivulini, zidisha jibu kwa 125, na utapata kwa makisio idadi ya mita kutoka hapo ulipo hadi kwenye kitako cha wingu la mchana. Namba 125 haikutoka hewani tu: hewa inayopanda hupoa nyuzi 10 kwa kilomita, nacho kiwango chake cha umande hushuka karibu nyuzi 2 katika kilomita hiyohiyo, kwa hiyo viwili hivyo hukaribiana kwa nyuzi 8 kila kilomita, yaani mita 125 kwa kila nyuzi moja.

Tuseme mchana kivulini ni nyuzi 28 na bati limefifia kwenye nyuzi 20. Tofauti ni 8, na 8 mara 125 ni mita 1,000. Ongeza mita 773 za ziwa, kitako cha wingu kitakuwa mita 1,773. Basi mtu aliyesimama kwenye kilele cha mita 2,462 saa nane mchana ana karibu mita 700 za wingu chini ya miguu yake. Hatazami wingu, yumo ndani yake. Ndiyo maana picha zako nne kati ya sita hazina kitu, na hakuna kamera duniani ambayo ingeona zaidi ya macho yako.

Lile wingu mliloliona likimwagika lilijitokeza pale pazia lilipopasuka kwa muda. Hewa ikishavuka mgongo wa mlima huteremka upande wa pili, na ikiteremka hupata joto tena, matone yanakauka, wingu linakwisha. Jicho linadhani ni kitu kimoja kinachoporomoka, ilhali kinachosafiri ni hewa, na wingu ni sehemu tu ya safari yake ambapo inaonekana. Mimi hulifananisha na moshi unaochuja kwenye paa la nyasi asubuhi: unatoka kila siku mahali palepale, lakini moshi wa sasa si ule wa punde. Kwa mpiga picha jambo hili lina faida kubwa, kwa sababu umbo hilo likitokea mara moja kwenye bonde fulani la mgongo wa mlima, litatokea tena hapohapo maadamu upepo haujageuka. Usikimbie kulifuata. Kaa, panga picha yako, na ulingoje lirudi.

Swali linalofuata ni lini basi mtu awe juu ya wingu badala ya kuwa ndani yake. Jibu ni alfajiri, hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Usiku mkondo wa hewa hugeuka: miteremko inapoa, hewa nzito ya baridi inatiririka mabondeni na kuelekea ziwani, na unyevu unatandama chini kama shuka. Mwaka 1802 Luke Howard, mfamasia wa London, alipoyapa mawingu majina ya Kilatini tunayoyatumia hadi leo, aliyatenga yale ya tabaka na yale ya mafungu, yaani stratasi na kumulusi. Katika Mahale unaweza kuyaona yote mawili kwa siku moja ukiwa umekaa kwenye jiwe moja: asubuhi tabaka liko chini yako na vilima vinachomoza ndani yake kama visiwa, na kuanzia saa tano mafungu yanaanza kuchipuka na kupanda hadi yakumeze. Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja, hata kama una miguu ya chuma, itakufikisha kileleni wakati mbaya. Zungumza na wahusika wa hifadhi upange siku mbili au tatu, ulale kambini juu, na uamke gizani. Watongwe walikuwa wakipanda Nkungwe kwa ajili ya mizimu ya mlima muda mrefu kabla yetu sisi wa kamera, na sidhani kama walikuwa na haraka ya kushuka.

Sasa nije kwenye kosa la pili. Simu yako, sawa na kamera yoyote iliyoachwa ijipime yenyewe, hukisia kwamba kila kitu inachoelekezwa kina mwanga wa wastani, si mweupe wala si mweusi. Ukiielekeza kwenye msitu wenye giza huku wingu likiwa juu kidogo, inaona giza jingi, inaongeza mwanga, na wingu linaungua likawa karatasi. Ukiielekeza kwenye ukungu mtupu, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na weupe unakuwa majivu. Tazama tena zile mia mbili zako. Naamini utakuta kwamba nyeupe zote zina msitu au mawe mbele, na za kijivu zote zimejaa ukungu. Ni makosa mawili yanayopingana, na chanzo chake ni kimoja.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye simu, bonyeza kwa kidole sehemu ya wingu inayong'aa kupita zote na usiondoe kidole hadi ijifunge hapo, kisha telezesha chini alama ya jua itokeayo kando, mpaka uone mikunjo ndani ya weupe. Msitu utakuwa mweusi. Uache uwe mweusi. Kivuli kinaweza kuinuliwa baadaye kwenye programu ya kuhariri, hasa kama simu yako inaruhusu kuhifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo simu haijaibana wala kuipamba, lakini weupe uliokwisha kuungua hauna kitu ndani yake cha kuinua. Ukungu ukijaa picha nzima fanya kinyume: ongeza mwanga kidogo, hadi uwe mweupe kama ulivyo. Mwenye kamera hutumia kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, na huitazama chati ya mwanga, ule mchoro unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia, kuhakikisha kwamba haijagonga ukuta wa kulia.

Mwelekeo wa mwanga nao unastahili maneno machache. Wengi wetu tulifundishwa kuweka jua mgongoni, na kwa picha ya harusi hilo ni sawa, lakini wingu lililopigwa na jua kutoka mgongoni mwako linakuwa bapa kama ukuta uliopakwa chokaa. Jua likiwa ubavuni, kila fungu linapata upande wa nuru na upande wa kivuli, na hapo ndipo linapopata unene. Jua likiwa nyuma ya wingu, kingo zake huwaka, na penye wingu jembamba karibu na jua huonekana rangi za waridi na kijani, mfano wa petroli iliyomwagika majini kwenye gati la boti. Usilitazame jua lenyewe, wala kwa jicho tupu wala kupitia tundu la kamera.

Isipokuwa kuna jambo moja ambalo linataka jua mgongoni kabisa, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Simama asubuhi kwenye ukingo unaotazama ziwa, jua likichomoza nyuma yako upande wa mashariki, na ukungu ukiwa chini mbele yako. Kivuli chako kitaanguka juu ya ukungu, kirefu kupita kiasi, na kichwa chake kitazungukwa na pete za rangi. Wazungu huliita kwa jina la Brocken, mlima wa Ujerumani ambako ukungu ni mwingi. Mara ya kwanza nilipoliona nilimwambia mwongozaji aliyekuwa ubavuni kwangu atazame taji nililovikwa. Akanijibu kwa heshima zote kwamba taji liko kwenye kichwa chake yeye. Tulibishana kwa dakika nzima, na sote wawili tulikuwa wakweli, kwa sababu mwanga huo hurudishwa na matone kuelekea ulikotoka, na kila mtu huona pete zinazozunguka kivuli cha jicho lake tu. Pete za namna hiyo ndizo alizoziona mwanafizikia C. T. R. Wilson kwenye mlima Ben Nevis huko Uskoti mwaka 1894, akarudi maabara kujaribu kutengeneza wingu ndani ya chupa, wingu ambalo baadaye lilionyesha njia za chembe zenye chaji ya umeme, na kazi hiyo ikamletea Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1927. Ukilipata, elekeza kamera kwenye kivuli cha kichwa chako, punguza mwanga kidogo, na upige upesi.

Kuhusu unyevu, nakueleza kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kupanda nilijiona mjanja: niliifunga kamera kwenye stendi jioni, nikaiacha nje ya hema usiku kucha ikitazama mashariki, ili alfajiri niamke na kubonyeza tu. Nilibonyeza mara arobaini. Zote zilitoka kana kwamba nimepiga nikiwa nyuma ya chandarua. Lenzi ilikuwa imepoa chini ya anga tupu hadi ikapita kiwango cha umande, ikafanya vilevile kama kile kikombe cha bati. Tangu siku hiyo kamera hulala nami ndani ya blanketi, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wake, kwa kuwa lenzi yenye joto kidogo haishiki umande. Chukua pia kitambaa laini kikavu na ukihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, maana shati la mpanda mlima lina chumvi na mchanga.

Ukitaka kuonyesha mwendo wa wingu, stendi ni ya lazima, na uining'inizie begi chini ili upepo usiitikise. Picha moja iliyofunguliwa kwa sekunde moja hadi nne huligeuza wingu linalomwagika kuwa kama hariri. Ukipenda mfululizo, piga picha moja kila baada ya sekunde 4; video ya sekunde 10 yenye picha 25 kwa sekunde inahitaji picha 250, yaani dakika 17 hivi za kukaa kimya. Betri hupungua nguvu upesi kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba iwe mfukoni, karibu na mwili.

Hujaniuliza kuhusu mawingu makubwa ya radi, yale ya kumulonimbasi yenye kichwa kipana kama fuawe la mhunzi, lakini najua utayataka. Hayo, Mwalimu, hayapigwi picha kutoka mlimani. Katika nchi za joto kama zetu kilele chake hupita kilomita 15, na ukiwa chini yake utaona giza na mvua tu. Yanahitaji umbali, na mji wa Kigoma umejaliwa umbali huo pande zote mbili. Msimu wa mvua, jioni, kila mtu pale Bangwe au Katonga hugeukia ziwani kutazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Wewe lipe ziwa mgongo. Tazama mashariki, kuelekea nyanda za juu za Kasulu na Heru Juu. Kama mvua inanyesha huko, jua linalozama litakuwa linalipiga wingu zima kwa rangi ya mawese kuanzia kitako hadi kileleni, na halitabaki hivyo zaidi ya dakika kumi na tano. Usiku ukiingia ndipo ugeukie ziwani. Upande wa mashariki wa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na ukiwa mahali salama chini ya paa, kamera ikiwa kwenye stendi na imefunguliwa kwa sekunde 15 hadi 30, radi zitajichora zenyewe juu ya taa za wavuvi wa dagaa.

Ukiwa mlimani, ngurumo ni amri. Sauti hutumia sekunde 3 hivi kwa kila kilomita. Ukihesabu kutoka mwanga hadi ngurumo ukapata chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na mgongo wa mlima si mahali pako tena. Shuka, usijikinge chini ya mti ulio peke yake, kunja stendi, na usirudi juu hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukungu ukifunga ghafla, kaa ulipo na umsikilize mwongozaji. Nguo kavu ya ziada ina thamani kuliko lenzi ya pili, kwani kileleni kuna baridi kuliko ufukweni kwa nyuzi 10 au zaidi, na shati lililolowa kwa jasho na ukungu hutetemesha mtu upesi. Kama una ndege ndogo isiyo na rubani, iache nyumbani isipokuwa umepata kibali.

Kwa msimu, Oktoba yako haikuwa mbaya, kwa sababu mvua za kwanza huosha anga. Kuanzia Julai hadi Septemba huwa siwashauri watu wa mawingu kwenda, kwa kuwa moto wa miombo kutoka kwenu Tabora hadi huku kwetu hujaza hewa moshi, na anga lote hufifia. Ningekuchagulia mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni: mvua imekwisha, majani bado ni mabichi, moto haujaanza, na asubuhi mabonde bado yana ukungu. Muulize nahodha kuhusu mawimbi, maana upepo wa kusi nao unaanza.

Kamera kubwa usinunue bado. Nunua stendi imara, na fedha inayobaki ikulipie usiku mmoja zaidi kambini. Siku ukija kununua, tafuta lenzi ya kuvuta karibu kabla ya lenzi pana, kwa sababu lenzi pana hulifanya wingu kubwa lionekane kama kipande cha pamba mbali huko.

Na zile picha mia mbili usizifute zote. Nyeupe za karatasi zimekwisha, waweza kuziacha ziende. Zile za majivu bado zina kitu: zifungue kwenye programu ya kuhariri, ongeza mwanga hadi ukungu uwe mweupe, kisha ongeza kidogo utofauti wa nuru na kivuli. Nilijaribu kwenye ile picha yako ya tano, ambayo nadhani uliipiga bila kukusudia, mwongozaji akiwa anatoka ukunguni, kofia na bega moja tu vikionekana na fimbo yake ikiwa imekatika katikati kwa weupe. Nimeikata upande wa kushoto ili lile begi jekundu lisionekane. Nimekurudishia pamoja na barua hii. Ichapishe hivyo ilivyo.